Ukurasa wa Ngapi?

Maktaba ya mkoa pale Tanga, nilipoanza kazi, ilikuwa na viti vya aina mbili. Vya watoto vilikuwa vifupi, vya rangi rangi, vimezunguka meza ambazo mtu mzima akikaa magoti yanamfika kidevuni. Vya watu wazima vilikuwa vya mbao nzito, na kwenye meza zake walikaa wastaafu na magazeti yao, pamoja na makarani waliokuja kukwepa jua la mchana. Mtu wa miaka 14 au 15 hakuwa na kiti. Akienda kwa watoto anachekwa na mdogo wake. Akija kwa wazee anakohoziwa mpaka anyanyuke mwenyewe.

Nilitoka Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kilichofunguliwa 1989, nikiwa na cheti, suruali mbili na imani kwamba kazi yangu ni kuvilinda vitabu. Chuoni tulifundishwa namba za Dewey, kuorodhesha, kugonga muhuri, kushona kitabu kilichokatika mgongo. Kuhusu kijana aliyekaa mchana kutwa na kitabu mkononi bila kugeuza ukurasa, hatukufundishwa neno. Au labda tulifundishwa nami nimesinzia. Joto la Bagamoyo saa nane mchana halina huruma.

Si kwamba vijana walidharauliwa. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru. Waliopanga mambo wakati ule walikuwa na watu wawili machoni mwao: mtu mzima anayejiendeleza na mtoto anayeanza kusoma. Wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa wachache, na wengi walilala bweni, mbali na maktaba za miji. Jengo letu lilikuwa na umri mkubwa kuliko mipango hiyo, limejengwa enzi za Mwingereza na kupewa jina la Mfalme George VI, na huyo wa kati hakupangiwa chumba humo. Ila kufikia miaka ya 90 shule za kutwa zilikuwa zimeongezeka. Kengele za mchana zikilia, walimiminika kwa baiskeli kutoka Chumbageni, Makorora na zile barabara za Ngamiani zenye namba badala ya majina, sare zimelowa jasho, na kila mmoja anasema amekuja kusoma.

Wengine kweli walikuja kusoma. Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme, na nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa haina pembe ya kufanyia hesabu. Walikuja kugombea Abbott wa fizikia na Mackean wa biolojia. Huyo Mackean tulikuwa naye nakala kadhaa, na yoyote uliyoisimamisha juu ya meza ukaiachia, ilijifungua yenyewe kwenye sura ya uzazi. Kurasa za usanisinuru zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani.

Mkuu wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Pangani, mfupi, sauti ya chini. Wote tulimwita Bi Mkubwa, wasomaji kwa wafanyakazi. Hakuwahi kunieleza nadharia yoyote. Nilimwona tu siku moja akimwamuru mlinzi atoe mabenchi mawili stoo, yapanguswe, yawekwe kwenye ule upenyo kati ya sehemu ya watoto na ya watu wazima, karibu na dirisha. Nikauliza kama niandike kibao cha "Vijana". Akaniangalia kwa muda. "Ukiandika hivyo hatakaa hata mmoja," akasema. Kabla wiki haijaisha mabenchi yalikuwa na wenyewe.

Jambo la pili alilofanya lilituletea maneno. Vitabu vya mwili, balehe, ndoa na magonjwa ya zinaa vilikuwa vimefungiwa nyuma ya kaunta, kwa sababu vilikuwa vikichanwa picha. Aliyevitaka alipaswa kuja kuomba. Sasa fikiria binti wa kidato cha pili, amejipanga kwenye foleni, nyuma yake kasimama rafiki wa baba yake na gazeti la Uhuru kwapani, naye aseme kwa sauti anataka kitabu gani. Katika muda wote nilioshuhudia utaratibu huo, sikumwona msichana hata mmoja akija kuviomba. Wavulana walikuja, wakisukumana na kucheka, na walichokitaka ni picha. Bi Mkubwa akavitoa vyote, akavipanga kwenye rafu yake ya namba 612, rafu ambayo kutoka kaunta huioni. Vingine viliibiwa. Nilipompelekea hesabu ya hasara alisaini bila kuisoma, akaniuliza kama nimeagiza nakala nyingine.

Hapa lazima nieleze vikadi vya kuazimia, kwa kuwa watoto wa leo hawavijui, nami naona ndivyo vilivyobeba nusu ya kazi yetu. Mwanachama alipewa vikadi vidogo vyenye mfuko, vimeandikwa jina lake. Kila kitabu nacho kilikuwa na kadi yake, imechomekwa ndani ya jalada. Ukiazima, tunachomoa kadi ya kitabu, tunaitia kwenye mfuko wa kikadi chako, tunavipanga kwenye trei kwa tarehe ya kurudisha. Ukirudisha, kadi inarudi kitabuni na kikadi kinarudi mkononi mwako. Basi. Tangu hapo hakuna karatasi popote inayosema kwamba wewe uliwahi kusoma kitabu kile. Zinabaki tarehe zilizogongwa kwenye ukurasa wa mwisho, na tarehe haina jina. Waingereza waliotuletea mtindo huo waliupenda kwa wepesi wake; sidhani kama waliwaza binti wa Makorora.

Siku moja akaja mama mmoja, kajifunga kanga kwa hasira, kiatu kimoja kimelegea kwa haraka. Alitaka aambiwe bintiye anaazima vitabu gani.

"Karibu ukae, dada yangu," Bi Mkubwa alimwambia.

"Sikai. Nataka kujua."

"Kilichorudi hatukijui. Kikirudi, kumbukumbu yake inarudi nacho." Akamwonyesha trei namna inavyofanya kazi, kwa utaratibu, kama anayemfundisha mfanyakazi mpya.

"Na ambacho hakijarudi?"

Nilijua kipo. Nilikitoa mimi mwenyewe siku mbili kabla, na kikadi cha yule binti kilikuwa kwenye trei ileile, umbali wa vidole vitatu kutoka kilipokuwa kiganja cha Bi Mkubwa.

"Ambacho hakijarudi, dada yangu, unacho wewe. Kiko nyumbani kwako. Kamuulize mwenyewe akuonyeshe."

Yule mama aliondoka akisema atatufikisha kwa mkuu wa wilaya. Kama alifika sijui, maana hatukuitwa. Mimi nilikuwa nimeoa karibuni na sikuwa na mtoto, nikaona mkuu wangu ameshinda. Baada ya kulea mabinti wawili naliona jambo lile kwa namna nyingine. Yule mama hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu: miaka ile msichana akipata mimba shule ilikuwa basi, mpaka wizara ilipotoa waraka wa kuwaruhusu warudi, Novemba 2021. Lakini bado nasema Bi Mkubwa alimwelekeza mahali penyewe. Mazungumzo aliyokuwa akiyatafuta kaunta kwetu yalipaswa kufanyika jikoni kwake, na kitabu kikiwa mezani.

Miaka hiyohiyo tulianza kuzoea vifo. Katika Tanzania ugonjwa wa Ukimwi ulitambuliwa kwanza Kagera, mwaka 1983, na ulipofika kwetu kila mtu aliuita jina jingine. Fulani kafa kwa kifua. Fulani kafa kwa homa iliyomrudia rudia. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alifiwa na baba yake, na hata arobaini haijafika, akawa anakuja kila siku, anakaa kwenye ncha ya benchi, anafungua atlasi. Atlasi ileile. Nilimwendea kwa nia njema, nikakaa karibu yake, nikaanza maneno ya faraja niliyoyasikia msibani. Alinisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Ahsante, kaka," kesho yake asije. Wala keshokutwa.

Aliporudi, Bi Mkubwa hakumgusia habari ya msiba. Alimwita akampa toroli la vitabu vilivyorudishwa. "Mwanangu, mimi miguu yaniuma leo. Nipangie hivi, kwa namba, ukikwama niulize." Kupanga vitabu kwa Dewey ni kazi yenye nukta: 574 ni mahali pake, 574.5 ni mahali pake, ukikosea kitabu kimepotea ingawa kimo ndani. Mvulana alikaza uso wake wote kwenye kazi ile. Ikawa kila mchana yeye na toroli. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anamsahihisha mtumishi wetu mmoja, tena kwa haki. Habari za baba yake nilikuja kuzisikia muda mrefu baadaye, siku tulipokuwa tunapika gundi, akiwa amegeukia sufuria, hanitazami. Alisimulia zote kwa pumzi moja, kisha akauliza kama unga umetosha.

Gundi yenyewe ilikuwa ya unga wa ngano, maji na chumvi kidogo ya kuzuia wadudu. Tulikuwa na vitabu vichakavu kuliko vizima, na ukarabati ulifanyika chumba cha nyuma kila Alhamisi. Chumba hicho kilitumika pia kwa watukutu. Maktaba haikuwa na fimbo. Shuleni mwalimu akiona vijana wanapigana anajua la kufanya, nao wanajua litakalofanyika. Kwetu adhabu iliyoandikwa ilikuwa moja tu, kunyang'anywa vikadi, na hiyo inamwadhibu mtoto kwa kumwondolea kitu unachotaka awe nacho. Kwa hiyo waliopigania kiti, au kalamu, au, kwa kawaida, msichana ambaye hakuwa na habari nao wote wawili, walikaribishwa chumba cha nyuma. Mmoja anashika kitabu kwa mikono miwili, mwenzake anapitisha sindano. Haiwezekani kushona mgongo wa kitabu na mtu usiyesema naye. Utasema "vuta", utasema "shika hapo", utasema "umenichoma". Bi Mkubwa aliwaacha humo akaenda zake kaunta, na mara chache aliniambia nikawaangalie kama wamemaliza uzi.

Wakati huohuo walikuja wageni, wa shirika moja nisilotaka kulitaja, na chati zao za karatasi kubwa. Waliwakusanya vijana sehemu ya watu wazima, wakawapa soda na daftari, wakawauliza mmoja mmoja anajisikiaje. Vijana wetu walikuwa wajanja. Walijibu vizuri sana: najitambua, najiamini, najua kusema hapana. Walijibu kwa sauti ya kukariri shairi, na wageni wakaandika. Yule mvulana wa toroli naye alijibu. Sikatai kuna waliofaidika. Semina nyingine nilizoziona baadaye ziliendeshwa na watu wenye masikio. Ile ya kwanza ilinifunza tu kwamba ukimuuliza kijana mbele ya wenzake jambo la moyoni, atakupa lile analodhani umelipia nauli kulisikia.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya Rosa Mistika. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa kipindi, kisha marufuku ikaondoka lakini woga ukabaki. Walimu wengi waliitaja kwa kunong'ona. Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kunong'ona. Nakala hazikutosha, kwa hiyo ilisomwa kwa sauti, kwa zamu, na sura ikiisha wanajadiliana. Aliyeisoma anamjua Zakaria: baba mlevi, mkali, anayembana binti yake asiseme hata salamu na mvulana, na binti akifika shule ya bweni hana silaha yoyote, kwani hakuwahi kufundishwa kupigana, alifichwa tu. Kosa la nani? La Zakaria, la Rosa, la wavulana, la mama aliyenyamaza? Siku ya kwanza walifokeana mpaka wastaafu wakakunja magazeti wakaondoka.

Ndipo Bi Mkubwa akaweka sharti lake. Ukimshutumu mtu yeyote ndani ya kitabu, taja ukurasa. Mvulana anasimama: "Rosa alikuwa malaya tangu mwanzo!" Bi Mkubwa, bila kuinua kichwa: "Ukurasa wa ngapi?" Mvulana anaanza kupekua. Anapekua wee, darasa zima linamsubiri, na kadiri anavyopekua anakutana na kurasa zinazosema vingine. Wengine walikaa chini wenyewe. Wengine walipata ukurasa, wakausoma, na hapo mjadala ukawa mjadala kweli. Hasira haikukatazwa, ilichelewa kidogo tu njiani. Swali lile likatoka nje ya jengo. Niliwasikia wakiulizana uwanjani, kwenye ugomvi wa mpira na wa mapenzi: ati fulani kakusema vibaya, ukurasa wa ngapi? Mpaka mama wa mihogo ya kukaanga pale nje akawa anaulizwa ukurasa wa ngapi akidai deni.

Sikutambua kwa haraka kilichokuwa kikiendelea pale Jumamosi. Kuna msichana, mpole, hazungumzi kabisa, siku moja akasimama kumsema Zakaria. Alimsema kwa dakika nyingi, na mambo aliyoyasema mengine hayakuwamo kitabuni. Chupa aliyoificha juu ya dari haimo. Redio iliyouzwa haimo. Nikamtazama Bi Mkubwa, nikingoja aulize ukurasa. Hakuuliza. Alimwacha mpaka amalize, akasema, "Endelea kusoma wewe uliyefuatia," na kusoma kukaendelea. Pale nilijua kwamba Zakaria alikuwa amewasaidia watoto wengi kuliko alivyokusudiwa. Hakuna binti wa Tanga atakayesimama hadharani kumsema baba yake. Lakini baba wa Ukerewe, wa kitabuni, anasemeka. Baadaye tulifanya hivyo na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na ilipotoka Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo mwaka 2002, wale waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na sare walipata nao mahali pa kusimamia.

Mwaka 1999 likaja jarida la Femina. Halikukaa rafuni; likiingia asubuhi, jioni limeraruka. Mambo ya vijana kwa lugha ya vijana, na barua zao wenyewe humo ndani. Nilishangazwa zaidi na waliokuja kuomba karatasi. Walikaa kwenye yale mabenchi wakaandika barua kwa mhariri, wengine wakaniomba niwatazamie tahajia, wengine wakafunika kwa mkono hadi neno la mwisho na kulamba bahasha mbele yangu. Nadhani barua nyingi hazikuchapishwa. Wala hazikuandikwa kwa ajili hiyo tu.

Bi Mkubwa alistaafu, akarudi Pangani, mimi nikakalia kiti chake. Kuanzia 2004 ulipokuja mpango wa shule za kata, idadi yetu iliongezeka kuliko viti vya aina yoyote. Mimi niliyeanza nikiitwa kaka nilikuwa sasa anko, na nywele zilikuwa zinanielekeza kwenye ubabu.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Baadaye serikali iliyatazama upya yakapangwa tena, lakini wiki ile ya kwanza hakuna aliyelijua hilo. Asubuhi ya pili nilikuta vijana mlangoni kabla ya kufungua. Hawakuwa na madaftari. Nyumbani kulikuwa hakukaliki, mitaani wanachekwa, na shule haikuwa yao tena. Wafanyakazi wangu wawili walinishauri tuwaulize wamekuja kufanya nini, maana nafasi ni ya wasomaji. Nikawaambia wafungue madirisha.

Hatukuwafanyia jambo kubwa. Nilimwomba mwalimu mmoja mstaafu, msomaji wetu wa magazeti, mwenye tabia ya kukohoa kijana akikaa karibu yake, aje aeleze namna ya kujisajili kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuja akiwa amevaa tai. Alieleza, kisha akakaa nao mpaka tukafunga, na kesho yake akarudi na kitabu chake cha hesabu. Siku za kwanza walimsikiliza kama watu wanaosubiri basi. Baadaye mmoja akaomba toroli. Nikampa.

Kompyuta zilipofika kaunta, alikuja fundi kijana kutufungia programu ya kuazimisha. Alinionyesha kwa fahari: bonyeza jina la mwanachama, unaona kila kitabu alichoazima tangu alipojiunga, na tarehe zake. Nikamuuliza kama hiyo orodha inaweza kujifuta kila kitabu kinaporudi. Alisema inaweza, lakini hajaona mtu akiitaka hivyo, na kwamba nitapoteza takwimu nzuri. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimweleza habari za trei na za yule mama mwenye kanga. Hakuelewa, au alielewa akaona ni mambo ya kizee. Mwisho akasema, "Sawa, babu, kaunta ni yako," akabadilisha. Ripoti ya mwezi ule ilitoka na idadi ya vitabu vilivyoazimwa na idadi ya watu walioingia mlangoni, nikaisaini.